Ihsani kwa Kiumbe Asiyebatizwa

Katika nchi kavu ya mchanga mwekundu ambako majimbo ya Arizona, New Mexico na Utah hupakana, wanakaa Wanavajo, ambao kwa lugha yao hujiita Diné; na ardhi yao, ingawa eneo lake hushinda la Rwanda na Burundi zikiunganishwa, ina madaktari wa mifugo wachache mno, hata mwenye kondoo aliyeshindwa kuzaa au farasi aliyechanwa na seng'enge hulazimika kwenda masafa marefu kabla ya kumpata wa kumtibia. Kwa hiyo wapo Wakristo, madaktari na wanafunzi wa fani hiyo, ambao huacha mapumziko yao wakaenda huko kwa hiari bila ujira, wakachanja mbwa dhidi ya kichaa, wakahasi, wakanywesha kondoo dawa za minyoo, na jioni wakasali pamoja. Miongoni mwa vyama vilivyoipa kazi ya namna hii utaratibu duniani ni Christian Veterinary Mission, kilichoasisiwa mwaka 1976 na Leroy Dorminy, daktari wa mifugo wa Marekani. Kadhia ninayotaka kuitazama ni moja: je, ni halali tiba ya mnyama kuwa mlango wa kumhubiria mwenye mnyama?

Hawezi kulijibu swali hili kwa insafu mtu asiyejua mkono wa mgeni uliwahi kufanya nini katika mazizi yale. Mwaka 1864 jeshi la Marekani liliwaswaga Wanavajo kwa miguu hadi uhamishoni Bosque Redondo, wakafa wengi; mkataba wa mwaka 1868 ukawarejesha kwao na kuwaahidi kondoo na mbuzi 15,000, na mifugo ikaongezeka mpaka ikawa ndiyo mali, chakula, mavazi na heshima ya kila ukoo, aghalabu mikononi mwa wanawake. Kisha, katika miaka ya 1930, serikali, ikihofu mmomonyoko wa ardhi, ikaamuru mifugo ipunguzwe, na maelfu ya wanyama wakapigwa risasi wakaachwa waoze mbele ya macho ya waliowalea. Aliyesimamia amri hiyo, John Collier, hakuwa adui wa wenyeji. Alikuwa mtetezi wa haki yao ya kushika dini zao, wakati ambapo wakubwa wengi walitaka zifutwe. Onyo hili kwangu ni zito kuliko ambalo ukatili wa mtu mwovu ungeweza kutupa, maana nia njema, ilipokosa idhini ya waliotendewa, ilizaa dhuluma ambayo wajukuu wangali wakiisimulia.

Makanisa nayo hayawezi kujitoa katika hesabu hiyo, kwani palikuwa na shule za bweni, za serikali na za misheni, ambamo watoto wa wenyeji walikatwa nywele na kukatazwa lugha ya mama zao. Insafu hutaka tuwataje pia Wafransisko waliofika St. Michaels, Arizona, mwaka 1898, wakaketi kujifunza lugha ya mahali hata mwaka 1910 wakachapisha kamusi yake.

Basi mwenye kujitolea, akifungua mkoba wake wa dawa mbele ya zizi, analo jambo la kumshukuria Mola, nalo ni kwamba mgonjwa wake hana dini ya kubadili. Mbwa hasilimu wala habatizwi. Hatatoa ushuhuda kanisani, wala hatahesabiwa miongoni mwa walioongoka katika taarifa ipelekwayo kwa wafadhili. Kumtendea ihsani kiumbe huyo ni kuitenda kwa ajili ya Muumba wake tu, na ndiyo sababu Waislamu wa pwani yetu husimuliana hadithi ya mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumtekea maji mbwa mwenye kiu, nao Wakristo humsoma Msamaria aliyeyafunga majeraha na kulipia nyumba ya wageni bila kumuuliza majeruhi anaabudu wapi. Likiingia sharti, hata dogo, kwamba mwenye mbwa asikilize mahubiri kabla ya chanjo, ihsani hugeuka biashara. Tena hitaji lenyewe si dogo: tangu mwanzoni mwa karne hii homa ya madoadoa ya Milima ya Rocky, iletwayo na kupe wa mbwa, imeua watu, na watoto miongoni mwao, katika maeneo ya wenyeji wa Arizona; basi mama aletaye mbwa wake atolewe kupe huenda anamwokoa mwanawe, na mtu aliye katika dhiki hiyo hana uhuru wa kukataa lolote aambiwalo.

Atasema muumini kwamba kuificha imani iliyomtoa kwao ni unafiki. Hoja hiyo naiheshimu, wala sitaki aifiche. Kila aliyekuja akiisha kupata dawa, na mwenyeji huyo akimuuliza muumini kwa hiari yake ni nini kilichomleta mbali hivi, muumini na ajibu kweli yote bila haya. Asipoulizwa, kazi yake imetimia vilevile. Na mwenye zizi akitaka kwanza kuomba dua ya wazee wake kwa chavua ya mahindi, mgeni asubiri kwa adabu ile ile ambayo angependa kusubiriwa yeye anaposali. Misheni yenye ikhlasi ingewauliza wazee wa mahali, kabla ya kupanga safari nyingine, kama inatakiwa irudi. Na jibu likiwa hapana, nauli zile zilipie masomo ya kijana wa Kinavajo atakayekuwa daktari wa mifugo kwao.