Uchungu wa Mwalimu na Deni Letu

Tumfikirie mwalimu mwenye miaka hamsini, katika kijiji kimojawapo baina ya Iringa na Mbeya. Alipangiwa kazi huko akingali kijana, mbali na kwao. Mwezi wa Juni ukungu hushuka na baridi hukaza. Naye jioni hurudi katika nyumba ya shule, huwasha moto, husahihisha madaftari, hula peke yake. Darasani ulimi wake umekuwa mkali. Hana neno jema juu ya mkuu wake, wala wazazi, wala serikali. Watu husema, "Mwalimu yule ana roho mbaya," na hukumu imekwisha.

Sisi twauliza: je, uchungu huo ni hatia yake, au ni jeraha lake?

Swali hili ni la kale. Katika karne ya 4, huko jangwani Misri, mmonaki Evagrius aliandika juu ya pepo wa adhuhuri, amfanyaye mtu aone kama jua limesimama, achukie makao yake na kazi yake, na kudhani kwamba upendo umetoweka kati ya ndugu. Pepo huyo haji alfajiri, nguvu zikiwa mpya. Huja katikati ya siku. Ndivyo ilivyo katikati ya maisha pia. Lakini Evagrius alifundisha kwamba mawazo kutujia si katika uwezo wetu. Kuyaacha yakae au kuyafukuza, hilo ni letu.

Basi mwalimu anayo sehemu yake. Mtoto achapwaye kwa sababu ya upweke wa mwalimu analipa deni asilokopa. Hapo hatuwezi kumtetea.

Lakini mmonaki alikuwa na ndugu wa kumwendea. Mwalimu wetu anaye nani? Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu amekaa miaka ishirini na mitano, na jembe hajapewa. Njiani huambiwa "Kamwene," naye huitikia. Nani amemkaribisha aketi motoni? Ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2001, na elimu bila ada ilipofikishwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, tulishangilia, na ilikuwa haki kushangilia. Wachache waliuliza ni mabega ya nani yatakayobeba madarasa yale yaliyofurika.

Taifa letu lamwita mwasisi wake Mwalimu. Julius Nyerere aliacha kufundisha mwaka 1955, lakini jina hilo alikaa nalo hadi kufa kwake mwaka 1999. Twaliheshimu jina, wenye jina tumewaacha gizani. Twapenda kusema mwalimu ni mshumaa, uteketeao ili wengine waone. Ni sifa ya hatari, kwa maana mshumaa hauulizwi kama umechoka.

Hatusemi kwamba kumtembelea mwalimu kwalipa malimbikizo ya mshahara wake. Haki idaiwe kama haki. Lakini kuna deni lisilolipwa na hazina yoyote, nalo ni letu sisi majirani.

Enyi wazazi, juma hili nendeni katika nyumba ile. Msiende kuuliza alama za mtoto. Chukueni viazi kidogo, mketi, mwongee. Na wewe, mwalimu, usikiapo hodi, usiulize wamefuata nini. Fungua.