"Nilikuwa Nasaidia Tu"



Mkeka ukitoka, simu za vijana wa Ifakara hazilali. Mtu anafungua ile PDF ya Sekretarieti ya Ajira, anashuka na kidole taratibu mpaka alione jina lake, na haipiti nusu saa nimepata ujumbe: "Frateri niombee, nimeitwa kwenye usaili Dodoma." Naomba, tena kwa furaha. Ila nikiuliza amejiandaaje, mara nyingi najibiwa kwa Injili. Eti Bwana mwenyewe alisema tusihangaike na tutakalosema, tutapewa saa ile ile (Mt 10:19).

Tuusome mstari huo pamoja na majirani zake. Yesu anawatuma wale Kumi na Wawili na kuwaonya kwamba watakamatwa, watapigwa, watasimamishwa mbele ya watawala kwa ajili yake. Ni faraja ya mtu aliyevamiwa ghafla, ambaye hakupewa muda wa kujipanga. Wewe umepewa tarehe, ukumbi na orodha ya vyeti vya kubeba. Petro alikuwepo siku ile akasikia maneno hayo kwa masikio yake, na bado baadaye aliwaandikia Wakristo wawe tayari wakati wowote kumjibu anayewauliza juu ya tumaini lao, tena kwa upole (1 Pet 3:15). Inaonekana yeye hakuona mgongano wowote kati ya kumtegemea Roho na kujiandaa.

Ukitaka kuona usaili ndani ya Biblia, nenda Yohane sura ya 9, Injili tunayoisoma Dominika ya nne ya Kwaresima, Mwaka A. Kipofu wa kuzaliwa ameponywa, na sasa anahojiwa. Majirani wanamhoji, Mafarisayo wanamhoji, wazazi wake wanaitwa, kisha anaitwa yeye mara ya pili. Jopo limekasirika na limeshaamua. Yule kijana (wazazi wake wanasema ni mtu mzima, aulizwe mwenyewe) alikuwa akikaa akiomba. Hana cheti hata kimoja.

Sasa angalia anavyojibu. Ameulizwa macho yalifumbukaje, anasema: alifanya tope, akanipaka machoni, akaniambia nikanawe, nikaenda, nikanawa, nikaona. Vitenzi vitupu, vimepangwa kama vilivyotokea. Hakuna pambo. Wanamuuliza huyo mtu yuko wapi, anasema hajui. Wanamvuta aingie kwenye mjadala kama Yesu ni mwenye dhambi, anakataa kujifanya mtaalamu wa hilo; anarudi kwenye lile moja analolijua kwa hakika, kwamba alikuwa haoni na sasa anaona. Mimi nimesoma falsafa miaka kadhaa na nimekaa kwenye midahalo mingi, na sijawahi kusikia mtu akijieleza vizuri kuliko huyo.

Sasa tuje kwetu. Jumamosi moja tulikaa na vijana wa VIWAWA nyuma ya kanisa tukafanya usaili wa majaribio, meza moja na viti vitatu. Akaja dada mmoja, amesomea uuguzi. Nikamuuliza kwenye mafunzo ya vitendo alifanya nini. Akainamisha kichwa: "Nilikuwa nasaidia tu wodini."

"Ulisaidia kufanya nini, dada?"

"Kawaida tu, Frateri."

Nikamwambia anieleze zamu moja ya usiku, kuanzia anaingia mpaka anatoka. Ndipo yakatoka. Alipokea taarifa za wagonjwa kwa zamu inayoondoka. Alipima presha na joto, akajaza chati. Mtoto mmoja alianza kupumua kwa shida, yeye ndiye aliyeona na kumwita muuguzi wa zamu. Alipofika hapo hakuwa ameinamisha kichwa tena, na sauti ilisikika mpaka kwa waliokaa nyuma. Yote hayo alikuwa ameyazika chini ya neno "tu".

Akafuata kaka mmoja. Anasema hana uzoefu wowote. Huyo tunamfahamu wote: misimu mitatu ameshika daftari la mashine ya kukoboa mpunga, gunia za nani zimeingia, nani amelipa, nani anadaiwa. "Aah, ile si ya kusema, Frateri, ile ni mashine tu." Tu tena!

Najua tunalitoa wapi. Huku bondeni mtoto mwenye adabu hajisifu mbele ya wakubwa. Anaongea kwa sauti ya chini, macho chini, na anasubiri mtu mwingine amsemee. Mimi nimelelewa hivyo na sioni haya kwa malezi hayo. Lakini jopo halimjui bibi yako, na hakuna mjomba pale wa kusema "huyu mtoto anajituma". Wale watu wana kalamu na karatasi ya alama, na hawana pa kuandika kitu ambacho hukukisema.

Hapa Mtakatifu Thoma wa Akwino ananisaidia sana. Katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, kuanzia swali la 109, anazungumzia fadhila ya ukweli, yaani mtu kujionyesha kwa maneno na matendo jinsi alivyo. Anamfuata Aristotle: fadhila hii ina makosa mawili, moja kila upande. Swali la 112 ni majivuno, kujipa usichonacho. La 113 ni kujidunisha, kukana ulichonacho. Sisi tumezoea kuungama la kwanza tu. La pili tunaliita unyenyekevu!

Thoma ni mwangalifu, hasemi kila mtu ajitangaze. Anakubali kwamba mtu mkweli anaweza kusema pungufu kuliko alivyo, maana wanaojikuza huwachosha wenzao. Kunyamazia jambo jema ulilonalo kunaruhusiwa. Kulikana, ukasema halipo wakati unajua lipo, huko ni kuuacha ukweli. Yule dada akisema "nimehudumu wodini usiku, nimepima presha, nimejaza chati, nimetoa taarifa mgonjwa alipobadilika", hajajisifu. Ametoa ushuhuda. Na akiulizwa kitu ambacho hajawahi kukifanya, aseme "hicho bado sijakifanya", kama yule kijana wa Yohane 9, asianze kubuni.

Kubuni ndilo shimo la upande wa pili, na nchi yetu inalijua. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti uliwakuta watumishi wa umma 9,932 na vyeti vya kughushi. Sitaki kuwahukumu mmoja mmoja, lakini fikiria kufanya kazi miaka kumi huku ukishtuka kila kabati la mafaili linapofunguliwa. Na ndugu yangu anayekwambia kuna "mkubwa" wa kumtumia kitu kidogo ili jina lipite, mwache aende zake.

Musa naye alilalamika kwamba ulimi wake ni mzito (Kut 4). Mungu hakumbadilishia ulimi, alimpa Haruni. Basi tafuta Haruni wako: mtu mmoja wa jumuiya yenu ndogondogo akae mbele yako na simu ya kurekodi, akuulize "jitambulishe", na akukatize kila ukisema "tu". Isikilize sauti yako, hata kama inachukiza. Kama swali litakuja kwa Kiingereza, sentensi fupi iliyonyooka inatosha. Usitafute maneno makubwa ya kukukwamisha njiani. Halafu soma tangazo lenyewe mpaka mwisho. Wanataka vyeti halisi, hati za matokeo hazipokelewi. Jina likitofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne, linahitaji hati iliyosajiliwa, na hiyo haipatikani asubuhi ya usaili.

Tangazo linasema pia kila msailiwa atajigharamia usafiri, chakula na malazi. Kutoka Ifakara unatoka kwa Kidatu na Mikumi mpaka Morogoro, ndipo uanze safari ya Dodoma. Nauli hiyo kwa wengi wetu ni gunia la mpunga lililotolewa ghalani kabla bei haijapanda. Mama aliyeinama kuupanda huo mpunga, akauamia ndege, hakuuza gunia lake ili ukaseme "nilikuwa nasaidia tu".

Na bado unaweza kujibu vizuri ukakosa. Mapema mwaka 2025 nafasi za ualimu 14,648 ziliombwa na watu zaidi ya 200,000. Fanya hesabu uone wangapi walijibu vizuri wakarudi nyumbani. Hata yule wa Yohane 9 alisema kweli kwa ufasaha wote ule, na mwisho wake walimfukuza nje. Yohane anaendelea: Yesu akasikia kwamba wamemfukuza, akamkuta, na akazungumza naye. Ukisoma vizuri, tangu alipotumwa kwenda kunawa, ndiyo mara ya kwanza wanaonana.

Kwa hiyo ombi langu la mwisho ni kwenu mnaobaki nyumbani. Wiki hii wapo wenzetu watakaoshuka stendi usiku, bahasha ya vyeti kwapani. Msiwapokee na "vipi, umepata?" Majibu yenyewe huwa hayajatoka. Mpokeeni begi, mwulizeni kama amekula, na Jumapili mfuateni benchi lake mkae naye.