Ng'ambo Inaanzia Uwanjani Tarasaa

Mwaka 2003, Cairo. Zamalek ndio mabingwa watetezi wa Afrika, wako kwao, mbele ya watu wao, na mgeni wao ni Simba ya Dar es Salaam. Mechi ya kwanza Simba walishinda bao 1-0. Marudiano, Zamalek nao wakapata lao moja, dakika zikaisha, hesabu ikalingana. Ikabaki mikwaju ya penalti. Golini amesimama Juma Kaseja. Mkwaju wa mwisho akaenda kuupiga Christopher Alex, mpira ukajaa wavuni, na bingwa wa Afrika akang'olewa nyumbani kwake. Simba wakatinga hatua ya makundi, na hawakuiona tena mpaka msimu wa 2018/19.

Kocha wa Simba hiyo alikuwa Mkenya: James Siang'a. Kabla ya hapo alikuwa kipa, wa Gor Mahia na wa Harambee Stars, na alikuwamo katika kikosi cha 1972 kilichokwenda Kameruni, Kenya iliposhiriki Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Alipotundika glavu hakurudi nyumbani kusimulia mechi za zamani. Alifundisha. Alipewa timu ya taifa ya kwao, akavuka mpaka akaichukua Simba, na Watanzania wakamkabidhi hata Taifa Stars yao. Alifariki Septemba 2016, na mpaka leo mzee wa Kariakoo ukimtajia Cairo, jina lake halikawii.

Kijana wa Tarasaa, nimeanzia mbali makusudi. Najua unalosema moyoni: huyo alikuwa wa Gor Mahia, sisi tuko huku delta ya Mto Tana, ambako mvua ikinyesha sana milimani, mto unakuja kutubishia hodi mlangoni. Uwanja wetu leo vumbi, kesho tope. Nani atakuja kututazama Tarasaa?

Pengine hatakuja mtu. Nakuambia waziwazi kwa sababu nakupenda, na nimechoka kuona vijana wenye vipaji wakikaa chini ya mwembe miaka mitano wakimngoja mtu mwenye gari atakayewapeleka Nairobi. Lakini mchezaji na kocha hawapiti mlango mmoja. Mchezaji hungoja kuonwa. Kocha anaweza kuanza leo, hapo alipo, bila kumwomba mtu ruhusa, mradi awe na mpira mmoja na watoto kumi na wawili.

Na ipo sababu ya kuamini kwamba wewe wa Tana Delta una kitu ambacho kijana wa mjini hana. Hebu fikiri: Siang'a alikwenda kufanya kazi gani Dar es Salaam? Mazoezi ya viungo na mbinu za ulinzi zinaweza kufundishwa na wengi. Kazi ngumu ilikuwa kuingia ugenini, katika chumba kilichojaa wachezaji wa nchi nyingine, mashabiki wenye wivu na timu yao, viongozi wenye maneno yao, na kuwafanya wote waamini kwamba mgeni huyu anawatakia mema. Kocha wa ng'ambo huishi kwa kuaminiwa na watu wasio wake. Siku wakiacha kumwamini, hata awe na vyeti ukuta mzima, anafunga mkoba.

Sasa tazama kwetu. Mpokomo ana shamba lake kando ya mto. Muorma na Mwardei wana ng'ombe wanaohitaji maji ya mto huohuo. Mgiriama yupo, na wengine wengi wapo. Mwaka 2012 na 2013 tulipigana, tukazika watu kwa sababu ya kutoaminiana. Wengi wenu mlikuwa wadogo, lakini mnakumbuka, au mmesimuliwa na waliolala msituni. Ndiyo maana nasema kocha wa Tarasaa anayeweza kumpanga mtoto wa Kipokomo beki wa kati, akampanga wa Kiorma pembeni yake, kisha mama zao wote wawili wakalala usingizi mtoto akiwa safarini na timu, huyo tayari ni kocha wa kimataifa. Amejifunza hapa somo ambalo halifundishwi darasani: kumkemea mtoto wa mwenzio bila kabila lake kusikia tusi, kumweka benchi mtoto wa mzee wa gasa, baraza la wazee wa Kipokomo, na bado ukapokewa salamu yako kesho, kumsikiliza mtu ambaye mila zake si zako. Ukifika Tanga, Bukoba au Kampala, utaikuta kazi ileile. Itakuwa imebadilisha jezi tu.

Na usidharau Kiswahili chako. Makocha kutoka Ulaya wanakuja huku na mkalimani. Wewe utaingia chumba cha kuvalia Dar au Zanzibar ukimwambia mchezaji neno moja kwa moja, mpaka limuingie. Francis Baraza, Mkenya mwenzetu, ameifundisha Biashara United ya Musoma na Kagera Sugar ya Bukoba. Njia ipo, na watu wanaipita.

Lakini karatasi, ndugu yangu. Hapa nitakuwa mkali kama shangazi. Zama za kupewa timu kwa sababu ulikuwa hodari wa chenga zimepita. Leseni za CAF zinaanzia daraja D, zinapanda C, B, A, mpaka Pro, na kozi ya D haihitaji uwe umechezea Harambee Stars. Ulizia kozi za shirikisho la soka, weka akiba ya mauzo ya maembe, panda gari Minjila uende. Msichana, nawe nenda. Usikubali mtu akuambie hapo ni mahali pa kaka yako. Mwaka 2024 wasichana wetu wa chini ya miaka 17 ndio walioipeleka Kenya kwenye Kombe la Dunia la FIFA, mara ya kwanza kwa timu yoyote ya soka ya nchi hii, na kocha wao alikuwa mwanamke, Mildred Cheche.

Tena nunua daftari. Andika kila siku ya mazoezi: nani alikuja, tulifanya nini, kipi kilikataa. Usingoje magoti yakuambie basi. Anza kufundisha ukiwa bado unacheza, ili siku ukivua njumu uwe na kazi mkononi. Wazee wetu walilima mpunga deltani kwa kuyasoma maji: walijua bahari ikijaa itayasukuma maji matamu ya mto yarudi nyuma yaingie mashambani, na walijua siku ya kufungua na siku ya kuziba. Hawakuyaamuru maji. Walikuwa tayari shambani yalipofika.

Na ukiingiwa na hofu kwamba sauti ya mtu wa Tana haiwezi kufika mbali, kumbuka wimbo wa taifa. Muziki wake umetokana na wimbo wa Kipokomo, wa mama kumbembeleza mtoto, na mzee wetu Meza Morowa Galana ndiye aliyewapa waliouunda. Kila Harambee Stars wanapojipanga mstari mmoja, iwe Tunis au Cairo, kinachopigwa ni sauti iliyotoka kwenye kingo za mto huu. Siang'a na wenzake waliivaa jezi ya Kenya chini ya wimbo huo. Mama mmoja wa mtoni alikuwa anamlaza mwanawe tu, na uwanja mzima wa wageni unasimama wima kwa ajili yake!

Basi inuka. Leo saa kumi jua likipungua, chukua mpira, hata kama ni wa makaratasi na kamba. Pita mlango kwa mlango. Kisha nenda hatua chache zaidi ya unapozoea kwenda, mpaka kwenye boma ambamo hujawahi kuketi, msalimie mzee kwa heshima zake, umwombe akuazime mwanawe kwa saa moja na nusu. Mwambie utamrudisha kabla ya magharibi. Na umrudishe wewe mwenyewe, kwa mkono wako.