KITANGULIZWE KIPI, FEDHA ZA ZAHANATI ZIPUNGUAPO?

Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake kwa nchi za nje, na tarehe 1 Julai mwaka huo huo shirika lake la USAID likakoma kazi. Katika Tanzania, matibabu ya Ukimwi yalikuwa yakitegemea sana fedha za nchi hiyo. Basi swali zito limezikabili wilaya za bara ya Lindi, Nachingwea na Ruangwa, ambako vijiji vingi vi mbali na hospitali ya wilaya: mfuko ukipungua, huduma ipi ibakizwe, na ipi iachwe?

Wengi hudhani kuwa uadilifu ni kupunguza kila kitu sawa kwa sawa. Dhana hiyo si sahihi. Mwenye nyumba kumi akitoa kuti moja katika kila paa, nyumba zote kumi huvuja.

Wanazuoni walikwisha kulitazama jambo hili katika mlango wa wakfu. Walihukumu kuwa mapato hutumika kwanza kuuimarisha wakfu wenyewe, ndipo wapewe wenye haki nao. Kwani msikiti ukianguka, hapana imamu wala mwalimu atakayepata posho. Na katika zahanati, imara yake si kuta tu, bali ni mwuguzi, maji safi na jokofu la chanjo. Vikiondoka hivi, kilichobaki ni kibao mlangoni.

Baada ya hapo zaja daraja tatu alizozieleza Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111): dharura, haja, na pambo. Dharura ni lile ambalo likiachwa leo, kesho halirudi: mzazi atokwaye na damu usiku, mtoto asiyechanjwa surua, na mgonjwa wa Ukimwi aliyekwisha kuanza dawa, kwani zikikatwa maradhi huamka na huweza kuwa sugu. Haja ni lile liumizalo lakini hungojeka. Pambo ni mikutano na posho za safari.

Lakini hapa pana mtego. Mgonjwa aliye mlangoni hulia akasikiwa. Mtoto aliyekingwa na chanjo hana kilio, kwa kuwa hakuugua. Na barazani, waamuzi mara nyingi ni wanaume, wala hapana miongoni mwao atakayejifungua usiku. Wakiihifadhi dawa ya migongo yao na kukifunga chumba cha uzazi, kisha wakaiita hesabu, hiyo ni dhuluma iliyovishwa kanzu ya hesabu.

Na hata uamuzi ulio sawa humwacha mtu. Huyo aliyeachwa ana haki mbili: aelezwe mapema sababu iliyo wazi, na aonyeshwe mlango mwingine.

Mwaka 2001, huko Abuja, wakuu wa Afrika waliahidi kuitengea afya asilimia 15 ya bajeti zao. Ahadi ni deni. Lakini mwenye mikorosho hana haja ya kuwangoja wakuu: miti michache ikiwekwa wakfu kwa taa na maji ya chumba cha uzazi, mlango huo hautafungwa na amri ya mtu aliye ng'ambo ya bahari.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi.