Bei ya Kivuli

Ada ya mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili ilitoka kwenye kiwanja. Mwaka 2010 baba alinunua ekari moja Kigamboni kutoka kwa bibi mmoja mjane aliyekuwa na minazi na mikorosho michache. Waliandikishana mbele ya mjumbe, wakapeana mikono. Siku zile kwenda Kigamboni kutoka katikati ya Dar es Salaam kulikuwa ni kupanga foleni ya pantoni, na ndugu zetu walimcheka baba kwamba amenunua pori.

Mwaka 2016 daraja likafunguliwa. Baba hakuwa amepanda hata mchicha pale. Alipouza nusu ya ile ekari miaka michache baadaye, alipata mara nyingi zaidi ya alichokuwa ametoa. Tulipika pilau. Kisha mimi nikaenda kusomea mipango miji.

Muhula wa pili tulipewa kazi ya kutathmini mradi wa nyumba pembezoni mwa jiji, unaojitangaza kuwa umefuata falsafa ya mji wa bustani. Kwa macho tu, ni pazuri. Barabara zimepinda taratibu, mitende imepangwa, nyasi zinamwagiliwa asubuhi na jioni. Getini mlinzi alituuliza, kwa adabu kabisa, "Mnakwenda kwa nani?" Hatukuwa na jibu. Ilibidi barua ya chuo itufungulie bustani.

Falsafa yenyewe ni ya Ebenezer Howard, Mwingereza ambaye hakuwa mchora ramani wala mjenzi, bali mwandishi wa hati mkato bungeni London. Katika kitabu chake cha mwaka 1898 alipendekeza miji ya watu wapatao 32,000 kwenye ekari 6,000, ambapo ekari 1,000 tu zingekuwa mji na zilizobaki mashamba. Sehemu hiyo ndiyo wauza nyumba wote wanaikumbuka: miti, hewa safi, bustani.

Lakini nilipokisoma kitabu chenyewe, nilikuta kurasa nyingi zinazungumzia hesabu za fedha kuliko maua. Howard aliuliza: ardhi ya shamba inapogeuka mji, bei yake inapandishwa na nani? Akajibu kwamba inapandishwa na watu wenyewe kwa kuhamia pale. Basi ardhi inunuliwe kwa bei ya shamba, iwekwe mikononi mwa wadhamini, na kila mkazi alipe pango. Pango hilo lilipe riba na deni la ununuzi, na kinachozidi kirudi kwenye barabara, shule na hata pensheni za wazee. Letchworth, mji wa kwanza wa namna hiyo, ulianzishwa mwaka 1903. Wenye hisa waliwekewa kikomo: gawio lao lisizidi asilimia 5. Haukuwa mji mkamilifu, maana vibarua wengi walishindwa kumudu nyumba zake. Hata hivyo, mpaka leo mapato ya mali zake yanasimamiwa na taasisi inayoyarudisha kwa mji.

Huku kwetu Afrika ilifika picha bila hesabu. Lusaka ilipopangwa miaka ya 1930 kuwa makao makuu ya Rhodesia ya Kaskazini, lugha ilikuwa ya mji wa bustani, na bustani zilikuwa za Wazungu. Ule mradi wetu wa getini umerithi picha hiyohiyo. Kilichobadilika ni kwamba rangi ya ngozi imeachia nafasi kwa uwezo wa kulipa.

Nikaanza kuandika ripoti kali. Nilipofika kwenye aya ya faida isiyo na jasho, nilisimama. Ile kampuni ilikuwa imefanya nini ambacho baba hakufanya?

Mwaka 1958, katika maandishi yake yaitwayo Mali ya Taifa, Julius Nyerere alipinga ardhi yetu kugeuzwa mali binafsi ya kudumu. Hoja yake ni rahisi: binadamu anaweza kudai alichotengeneza kwa jasho lake, na ardhi hakuna aliyeitengeneza. Sheria yetu ya Ardhi ya mwaka 1999 bado inasema ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Daraja la Kigamboni nalo lilijengwa kwa fedha za Serikali na za Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani pamoja na makato ya mishahara ya watu ambao wengi wao hawana kiwanja ng'ambo ile. Wao walijenga, sisi tukapika pilau.

Nilikwenda kumsalimia yule bibi. Bado anaishi kwenye kipande alichobakiza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja kuuza na ile nusu?"

Nilimuuliza kama anahisi tulimdhulumu. Akashangaa. "Baba yako? Hapana. Nilitaka hela ya kuezeka, akanipa, nikaezeka." Akanyamaza kidogo. "Ila ningejua daraja linakuja, nisingeuza."

Jioni nilimweleza baba yote hayo, pamoja na Howard. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa mwanangu. Kodi nimelipa, risiti zipo. Sasa unataka iliyobaki nikampe nani? Nitajie jina."

Sikuwa na jina. Bibi peke yake hakulijenga daraja, na waliolijenga ni maelfu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Howard hakuandika mahubiri kuhusu ukarimu, akaandika hesabu. Hata mtu mwema hawezi kurudisha peke yake kilicholetwa na wengi kama hakuna mfuko wa kukipokea. Mfuko huo lazima uwepo kabla ya daraja, kwa maana baada ya daraja kila mmoja ana risiti yake.

Niliirudia ripoti yangu. Niliacha kuuliza mradi una miti mingapi, nikauliza pango lake linakwenda wapi. Ile aya niliyosimama niliibakiza, nikaongeza sentensi moja inayotaja ada yangu imetoka wapi.

Nusu ekari iliyobaki baba anataka kuiandikisha kwa jina langu. Bado sijamjibu.