Ni Nani Mwenye Hatia?



Leo tutafakari swali moja. Picha ya siri ya mwanamke ikienezwa katika simu za watu bila ridhaa yake, ni nani mwenye hatia: yeye aliyemo katika picha, au yeye aliyeieneza?

Wengi hujibu upesi: «Mbona alikubali kupigwa picha?» Neno hilo huchanganya mambo mawili, yaani busara na hatia. Mvuvi wa Songo akianika ndagala zake ufukoni bila mlinzi, huenda amekosa busara. Lakini azichukuaye ndiye mwizi. Tena siku hizi mashine huweza kubandika uso wa mtu juu ya mwili wa mwingine. Huyo aliyebandikwa hakukosa hata busara.

Tuangalie pia jinsi hukumu yetu isivyo sawa. Picha ikiwa ya mwanamume na mwanamke pamoja, mwanamume huchekwa siku mbili tatu, kisha husahauliwa. Mwanamke huweza kupoteza uchumba, masomo, hata heshima nyumbani kwao. Mkosaji ayajua hayo, ndiyo maana hutisha: «Nipe fedha, ama nitaieneza.» Nguvu yake yatoka wapi? Si katika simu, bali katika ndimi zetu. Kama sisi majirani tusingemdharau mwanamke yule, tishio lingekuwa bure.

Hata serikali zaweza kupotoka. Uganda ilitunga sheria juu ya picha za aibu mwaka 2014, na wanawake walioenezewa picha zao wakatishiwa kushitakiwa wao wenyewe. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ilivitangua vifungu vyake vikuu. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2018, huwaadhibu wanaoeneza picha za faragha za mtu. Hapa Kongo, Sheria ya Mambo ya Kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 humwadhibu anayemwandama mwenzake kwa njia ya mtandao.

Lakini sheria haifiki penye kila simu. Basi, picha ya namna hiyo ikikufikia, usiitazame wala usiipeleke mbele, ifute. Anayetishwa asitoe fedha, kwa maana mwenye kutisha atarudi. Bali azitunze jumbe zile ziwe ushahidi, amwambie mtu anayemwamini. Nawe, binti akikujia akilia, usimwulize kwanza, «Ulifanya nini?» Mwulize, «Ni nani aliyekutenda hivi?»