Mdudu Anayekula Bando

Ukishuka Joseph Nduli Street, ambayo wakazi wa zamani wa Durban bado huiita Russell, ukielekea bandarini, Kiswahili utakisikia kabla hujaifikia bustani ya Albert Park: cha Uvira, cha Bujumbura, cha Kigoma. Tumweke hapo mzee mmoja Mkongomani mwenye duka la intaneti. Yeye nimemtunga. Bei anazolipa, tarehe na balaa litakalomkuta sikuzitunga.

Duka lina kompyuta tano za mezani, zote Windows 7, printa, skana, na ruta ndogo inayotumia laini ya simu. Wateja huja kuandika barua za kuomba kazi, kuskani vibali vya ukimbizi na kujaza fomu za shule za watoto. Wengi hawana flashi, basi faili zao hubaki humo humo, na mzee huwatunzia kwa majina.

Mwanzoni mwa 2016 bando likaanza kuisha kabla ya wakati. Mzee alimshuku jirani, kisha mpwa wake anayependa mpira. Hakuna aliyekuwa na kosa. Mwaka huo Microsoft ilikuwa ikiwasukuma wenye Windows 7 waingie Windows 10, na kompyuta zilipakua mzigo wa gigabaiti kadhaa kimyakimya, kila moja wa kwake. Ilifika mahali ukibonyeza alama ya X kufunga tangazo, mashine ilihesabu kwamba umekubali. Huko California mwenye wakala wa safari aliishitaki kampuni hiyo baada ya kompyuta yake kuharibika, akapewa dola 10,000. Katika hifadhi ya Chinko, Jamhuri ya Afrika ya Kati, watu wanaopambana na majangili walilalamika kwamba mzigo huo ulikuwa ukila intaneti yao ya setilaiti. Na Afrika Kusini gigabaiti 1 kwa rejareja ilikuwa randi 149. Zidisha kwa kompyuta tano uone kama wewe usingekasirika.

Akamwita fundi, kijana wa Kitanzania.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kuna mdudu anakula data yangu. Nitolee."

"Hizo ni apdeti, mzee. Nizipunguze au nizizime?"

"Ua kabisa. Nisizione tena."

Fundi akafungua orodha ya huduma za Windows, akaisimamisha ile ya masasisho na kuifungia isiamke hata kompyuta ikizimwa na kuwashwa. Akarudia kwenye zote tano, akalipwa, akaenda zake. Bando likadumu, na mzee akamsifu kwa kila aliyeingia dukani.

Hapa namlaumu fundi kuliko mzee. Windows 7 ilikuwa na chaguo lililomfaa kabisa mwenye duka kama huyu: mashine ikague kama kuna jipya, imwambie, kisha ingoje ruhusa ya kupakua. Hata lile sasisho lililoleta tangazo la Windows 10 lilikuwa na namba yake, KB3035583, na lingeweza kuondolewa na kufichwa peke yake. Zaidi ya hayo, ofa yenyewe ya bure ilikwisha tarehe 29 Julai 2016. Adui aliyesababisha mlango ufungwe aliondoka kwa miguu yake, na mlango hakuna aliyekumbuka kuufungua.

Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu katika njia ambayo kompyuta za Windows hutumia kupeana faili kwenye mtandao mmoja. Kwa Windows 7 kilikuwa cha makumi machache tu ya megabaiti. Ungeweza kukipakua mara moja na kukizungusha kwa flashi kwenye kompyuta zote tano. Ijumaa ya tarehe 12 Mei, kirusi cha WannaCry kikapita katika tundu hilo na kuingia kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Nyingi mno kati ya mashine zilizopigwa zilikuwa za Windows 7.

Siku hiyo hiyo mtafiti mmoja aligundua kwamba kirusi, kabla ya kufanya kazi, hutafuta anwani fulani ya intaneti, kikiipata, hulala. Akaisajili anwani hiyo, na kasi ikavunjika. Lakini kompyuta isiyo na intaneti haiwezi kuifikia.

Jumatatu mteja akaingia dukani kwa mzee na laptopu yenye dirisha jekundu la kirusi hicho, akaomba asaidiwe. Mpwa akaichomeka kwenye waya wa duka. Bando lilikuwa limekwisha tangu asubuhi. Kirusi kikaitafuta ile anwani, hakikuipata, kikahamia kwenye kompyuta zote tano kikafunga kila faili. Kilidai dola 300 kwa kila mashine, karibu randi 4,000 za wakati ule, na kikatishia kuzidisha mara mbili baada ya siku tatu. Walionusurika ni wateja waliokuwa wamejitumia nakala kwa barua pepe. Wengine walirudi na karatasi zao kuskani upya, na mzee hakuwatoza.

Siyo kwamba sasisho halidhuru. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike liliangusha kompyuta milioni 8.5 kwa siku moja. Kuchelewa kidogo kuna maana yake. Windows 7 iliachwa Januari 2020, na Windows 10 ikafuata Oktoba 2025. Katika Windows 11 unaweza kuuandika muunganisho wako kuwa ni wa kulipia kwa kipimo, upakuaji mwingi ukasimama. Unaweza kuahirisha masasisho kwa wiki kadhaa. Unaweza kutaja saa za kazi ili mashine isijizime mbele ya mteja. Ipo pia mipangilio ya kuifanya kompyuta moja ipakue, kisha zilizo kwenye mtandao huo wa ndani zichukue kwake, bila kuwapakilia watu wa nje kwa bando lako.

Viraka vya Microsoft hutoka Jumanne ya pili ya mwezi, usiku ukiingia kwa saa za Durban. Mwenye duka asubiri siku chache asikie kama waliotangulia wamelia, kisha anunue bando la usiku wa manane, ambalo huwa nafuu kuliko la mchana, na aache kompyuta moja inapakua akiwa amelala.